Penseli Pembeni mwa Ukurasa

Musaga, Bujumbura
21 Julai 1968

...na lingine nililosahau kukuambia juzi, dada, ni kwamba kile kitabu tumekimaliza, nami nimelia mpaka mama mkwe akadhani nimepigwa. Nilikuwa nimekaa barazani, kitabu mapajani, kamasi zinanitoka, akaja na mwiko mkononi akapiga kelele, "Majid! Umemfanya nini mtoto wa watu?" Maskini Majid alikuwa dukani anapima chumvi.

Ona nilivyo, nimeanza katikati kama mtu aliyekatizwa maneno. Asalaam alaykum, dada yangu Ghanima. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, na Majid anakusalimu sana. Dada, mimi nina raha! Asubuhi akifungua duka hunipigia ubao wa kaunta mara mbili, maana yake "nakukumbuka," na baina yetu kuna ukuta mmoja tu.

Kitabu chenyewe kilikuja toka Kigoma ndani ya sanduku la sabuni. Hakina jalada, jina lake hatulijui. Ni habari ya Bi Hidaya, mke wa mkuu wa stesheni ndogo ya reli, mahali porini ambapo treni ilikuwa ikisimama mara moja kwa siku. Mume anakufa. Binti zao wawili wameolewa mbali. Halafu treni nayo inaacha kusimama, inapita tu. Bi Hidaya anakataa kuhama. Barua za binti zake anazitia kwenye droo ya tiketi bila kuzifungua. Mwishoni yule binti mdogo anakuja kwa miguu, anafuata reli siku mbili, anabisha hodi, na kitabu kinaishia hapo hapo! Hatuambiwi kama mama alifungua. Nilitaka kumtafuta huyo mwandishi nimkamate kanzu.

Nilikuwa nawasomea kwa sauti alasiri, mama mkwe na jirani yetu Adélaïde, yule mama wa Uvira, upande wa Kongo, muuza vitenge. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu: huyo Bi Hidaya maji alikuwa anachota wapi? Adélaïde alikasirika. "Huyu mama ni mujinga! Mi ningefunga mizigo, ningeenda soko." Mimi nililia pale mume alipokufa na bendera ya kijani mkononi. Dada, Majid akifa leo, mimi sitamaliza wiki.

Sasa nisikilize. Eda yako imekwisha tangu wiki iliyopita, nimehesabu mwenyewe kwa kalenda ya msikitini, miezi minne na siku kumi. Harusi yangu hukuiona kwa sababu ya eda, sikulalamika. Lakini sasa shemeji Himid, Mungu amrehemu, amekwisha kupewa haki yake. Njoo Bujumbura. Chumba kipo, nimekitia pazia la waridi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kaltum


Rumonge
4 Agosti 1968

Kaltum mdogo wangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako ameniletea Térence, dereva wa lori la mawese. Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Nafurahi kusikia mnapigiana ubao.

Huko Bujumbura sitakuja sasa. Nina sababu zangu, na wewe usizitafute. Pazia liache lilivyo.

Umeandika kwamba Majid akifa hutamaliza wiki. Utaimaliza. Siku ya tatu watu watakuwa wamejaa nyumbani kwako na sufuria hazitatosha, utaamka utafute za kuazima. Sikwambii hivi kukuvunja moyo. Nakwambia kwa sababu nilikuosha shingo tangu una miaka mitano, siku mama alipotuacha, na sijazoea kukuacha useme upuuzi.

Nipe hicho kitabu. Huku siku ni ndefu, na Kurani nimeikhitimu mara mbili. Nataka kumwona huyo Bi Hidaya mwenyewe kabla sijaambiwa na watu kwamba ni mjinga.

Nisalimie mume wako na mama mkwe. Mwambie mama mkwe swali lake la maji ni swali zuri.

Dada yako,
Ghanima


Musaga, Bujumbura
18 Agosti 1968

Dada yangu mpenzi,

Asalaam alaykum, na habari za huko? Mgongo? Unakula? Térence anasema hata wewe mwenyewe hakukuona, ulitoa mkono tu penye upenyo wa mlango. Dada, unanitia wasiwasi, lakini leo sitagomba, leo nakuletea kitabu.

Kwanza niombe radhi kwa sababu kimechafuka. Unakumbuka Majid alivyonichumbia? Tulikuwa hatuwezi kusimama njiani kuzungumza, basi alikuwa akiniazima vitabu, nami nikivifungua nakuta ameandika pembeni kwa penseli: "Hapa nimekukumbuka," "Huyu msichana ana ukaidi wako." Nami najibu chini yake, narudisha. Wewe ndiwe uliyekuwa ukivipokea mlangoni, na uso wako kavu kama hujui kitu! Sasa tumeoana, tunalala chumba kimoja, na bado tunaandika. Hatuwezi kuacha. Yeye anasoma usiku baada ya kufunga duka, mimi mchana, na asubuhi nakimbilia kitabu kuona amesema nini.

Basi jana nilishinda na kifutio nikifuta. Mengine, dada, hayafai kuonwa na mtu mzima! Nimefuta mpaka kidole kikaota lengelenge. Ukiona alama alama, fumba macho.

Ukifika ukurasa wa mwisho niandikie siku hiyo hiyo. Nataka kujua unadhani alifungua mlango au hakufungua. Mimi nasema alifungua. Majid anasema hapana.

Wako akupendaye kuliko wote (baada ya mmoja),
Mdogo wako Kaltum


Musaga, Bujumbura
15 Septemba 1968

Dada,

Salamu nyingi. Hujambo? Hii ni barua ya pili tangu nilipokutumia kitabu, na ya kwanza sina jibu. Nimemuuliza Térence kama alikipoteza. Ameapa kwamba alikitia mkononi mwako. "Madamu, nilimupa ye mwenyewe. Akasema asante. Ni vyote."

Sisi wazima. Mama mkwe alikuwa na homa, amepona. Majid ameongeza rafu ya pili dukani.

Juzi Adélaïde alikuja kusukwa nywele, akaanza mwenyewe habari za Bi Hidaya. Nilidhani amemsahau. Akasema, "Unajua kwa nini alinikasirisha? Ye alikuwa na mulango wa kufunga. Mi siku tulikimbia vita ya Uvira sikupata hata nafasi ya kufunga mulango. Nilibeba watoto wawili, wa tatu alikuwa kwa bibi yake." Sikuthubutu kumuuliza habari za huyo wa tatu. Nilimaliza kumsuka. Amekuwa akija hapa kila siku miezi mitatu, anacheka, anatutania, nami sikuwahi kujua.

Niandikie, dada. Hata mistari miwili. Kama kitabu hakikupendeza, sema tu.

Mdogo wako,
Kaltum


Rumonge
6 Oktoba 1968

Kaltum,

Waalaykumu salaam. Ni mzima. Natumaini nanyi ni wazima, na mama mkwe homa haikumrudia.

Kitabu nimekisoma mara mbili. Nitakwambia niliyoyaona.

Ninyi nyote mlilia au mkakasirika mahali pasipo penyewe. Mume kufa na bendera mkononi, sawa, watu hufa. Mimi nililia ukurasa wa sitini na tatu, pale mbuzi anapoingia chumba cha abiria na kuitafuna ile bendera, na Bi Hidaya anacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, halafu anageuka amwambie mumewe. Basi. Mistari sita tu. Pembeni yake mume wako ameandika, "Hapa mwandishi anapoteza wakati," nawe umeandika, "Kweli." Himid alikuwa mtu wa kuchekesha, hilo unalijua. Tangu amekufa yametokea mambo kama manne hivi ya kuchekesha katika nyumba hii, na yote ninayo bado. Sijui niyapeleke wapi.

Pili. Mkono wako ni mzito kwenye penseli. Uliyoyafuta yote yanasomeka kwa michubuko ya karatasi, nami sikufumba macho. Hayakuniudhi. Nilifurahi. Mwanamke apendwe hivyo.

Lakini ukurasa wa themanini na moja hukuufuta. Pale Bi Hidaya anapofunga dirisha treni ikipita. Umeandika hivi, nakunakilia usije ukasema umesahau: "Kama dada Ghanima. Eda imekwisha, bado amejifungia. Watu wengine huupenda msiba wao." Na Majid ameandika chini yake neno moja, "Labda."

Ulikaa siku nzima na kifutio, Kaltum. Ukafuta ya mapenzi kwa kuona haya, ukaacha hilo kwa kuwa hukuona haya.

Sina zaidi.

Ghanima


Musaga, Bujumbura
9 Oktoba 1968

Dada Ghanima,

Asalaam alaykum. Sijui hata kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Hujambo?

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, Térence bado yuko mlangoni anangoja soda yake. Aliniuliza, "Kuna matanga?" Nikampa soda yake.

Sitasema sikuandika. Niliandika. Ilikuwa mwisho wa Julai, barua yangu ya kukuita umeshaipata na jibu hakuna, chumba nimekitia pazia, mama mkwe ananiuliza kila siku, "Dada yako anakuja lini?" Nilikuwa na raha na nilitaka uje uione raha yangu. Hukuja, nikakasirika kama mtoto aliyenyimwa kitu, nikakifungua tena kitabu. Nikaandika. Kesho yake nikasahau. Siku ile ya kufuta nililipita neno lile kwa macho yangu, dada, na sikuliona kuwa ni baya. Umesema kweli, hapo ndipo ubaya ulipo.

Nimemuuliza Majid ile "Labda" ilikuwa na maana gani. Akasema hakukubaliana nami, lakini tulikuwa na miezi miwili tu ya ndoa na alikuwa hajui bado kama mimi ni mtu wa kukatalika. Amejifungia stoo tangu alasiri anahesabu magunia ambayo yamekwisha kuhesabiwa. Ana aibu.

Huna lazima ya kunisamehe. Huna lazima ya kuja. Ila usitie sahihi tena jina tupu. Nimetafuta neno "dada" chini ya barua ile mpaka nikageuza karatasi nyuma.

Mimi ni mdogo wako, utake usitake,
Kaltum


Rumonge
27 Oktoba 1968

Kaltum mdogo wangu,

Waalaykumu salaam warahmatullahi. Hali yangu nitakueleza, ndiyo sababu ya barua hii. Ukiisoma umekwisha kuifumua kwenye pindo la kanga niliyompa Térence, nilikoishona kwa uzi mweupe ili uuone. Ukimaliza kuisoma, itie motoni, na usimsomee mtu.

Chuoni ulisoma hukumu za eda. Nilikusikiliza mwenyewe ukizikariri, unayumba kama mgomba. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Na kilichofuata? Isipokuwa mwenye mimba. Huyo haangalii miezi, eda yake ni mpaka ajifungue.

Umehesabu kwa kalenda ya msikitini, lakini hukuhesabu hilo. Siwezi kukulaumu. Miaka kumi na tatu nimekaa na Himid bila mtoto, nani angelihesabu? Yeye mwenyewe amekufa hajui. Nami nilijua wiki ya sita baada ya mazishi, nikadhani ni huzuni imekata damu. Consolée ndiye aliyenithibitishia, mkunga, jirani yangu wa upande wa ziwani. Ni yeye peke yake ajuaye. Anasema ni mwisho wa Novemba, na kwamba mtoto amekaa vizuri.

Basi sikujifungia, Kaltum. Bado nimo edani.

Utauliza kwa nini nilikuficha. Umesahau kwamba mara tatu sikukuficha. Mara ya kwanza ulikuwa na miaka tisa, ukashona kofia. Mara ya pili uliwaambia chuo kizima wakaniombea dua. Mara ya tatu ulikuwa umekua, hukusema neno, lakini ulikuwa ukinitazama tumbo kila nikipita, na siku mimba ilipotoka ulikaa siku mbili huli. Kila mara nilikuwa na kazi mbili, kujizika mwenyewe na kukunyamazisha wewe. Safari hii nilitaka kubeba mmoja tu. Halafu tena ulikuwa bibi harusi. Nikasema, mwache acheke.

Sasa nimeona kwamba kukuficha kumekufanya uandike lile neno. Sehemu ya kosa ni yangu. Si kubwa.

Umeuliza kama Bi Hidaya alifungua mlango. Mimi nasema mlizingatia mno mlango. Barua za droo ndizo jambo. Aliyeziandika hakuacha kuandika, na aliyezipokea hakuzitupa. Watu wa namna hiyo watafunguliana tu, hata kama ni baada ya kutukanana kwanza dirishani.

Naogopa, Kaltum. Nimeandika, sitafuta.

Dada yako,
Ghanima


Musaga, Bujumbura
3 Novemba 1968

Dada yangu, mama yangu,

Asalaam alaykum. Hujambo? Mgongo? Miguu je? Unalala? Nauliza yote haya sasa nikijua ninachouliza.

Karatasi nimeitia motoni. Kanga nimeivaa.

Sikulia. Yaani nililia, lakini kidogo, chooni, halafu nikanawa uso nikaenda kuchambua mchele. Nilikuwa nataka kupiga kelele mpaka Kinindo wanisikie. Mchele ukanimwagika, mama mkwe akasema, "Kuna nini leo?" Nikasema, "Nimekumbuka ngano tu, mama." "Ngano gani? Huo ni mchele." Tukacheka sote wawili, na yeye hajui ninacheka nini.

Majid aliniuliza umeandika nini. Nikamwambia umenisamehe. Akashusha pumzi, akauliza, "Na mengine?" Nikamwambia, "Mengine ni ya dada." Alinitazama. Tangu tulipoanza kuandikiana vitabuni hakuna kitu nilichopata kumficha, hata ndoto. Nilidhani mke na mume ndivyo walivyo, kuwa na ukurasa mmoja. Majid akasema, "Haya." Akarudi dukani, na baada ya muda nikasikia ubao wa kaunta, mara mbili. Dada, huyu mtu nimempenda zaidi leo kuliko siku ya harusi, na yeye hajui hata sababu.

Ukurasa wa mbuzi sikuusoma tena, kitabu kiko kwako. Lakini nimejaribu kuukumbuka, na nikaona aibu mpya, maana nakumbuka neno "Kweli" nililoliandika kuliko maneno ya mwandishi mwenyewe. Yale mambo manne ya kuchekesha, nataka kuyasikia. Yote, kwa mpangilio yalivyotokea. Najua hayakuwa yangu, lakini mimi nilimjua Himid, najua mahali ambapo angecheka na mahali ambapo angekatiza.

Mama mkwe alisema mwanzo kwamba mke wa ndoa ya miezi mitano hasafiri peke yake. Nikamwambia, "Dada yangu ndiye aliyenilea, naye yuko peke yake." Jioni nikamkuta anaanika samaki wa safari, ndagala wale wadogo. "Ni wa nani hao?" nikamuuliza. "Wa nani tena? Unataka kwenda mikono mitupu kama mpita njia?" Hakuuliza sababu. Nadhani wanawake wa umri wake wana namna yao ya kuhesabu.

Nimezungumza na Térence. Ananiwekea nafasi mbele, karibu naye, akirudi na mapipa matupu. Nitakaa mpaka utakaponiambia niondoke, hata kama mwezi wa mfungo utanikuta huko. Nitapika, nitafua, nitamsikiliza Consolée, na sitakutazama tumbo. Hilo nakuahidi zaidi ya yote. Nikishindwa, nipige kofi.

Naogopa na mimi. Sikuambii ili unibembeleze. Nakuambia tu ujue kwamba tuko wawili.

Nilipofika hapa kwenye sahihi nilianza kuandika jina lile ambalo mtoto humwita mdogo wa mama yake. Nikazuia kalamu baada ya herufi ya kwanza. Liache, lina siku yake.

Nakuja kabla mwezi huu haujafika katikati.

Mdogo wako,
Kaltum